Nihame Guangzhou niende Vietnam? Jibu kwa mfanyabiashara wa mabegi

SWALI: Nauza mabegi ya shule na mikoba ya akina mama Kariakoo. Mzigo wangu nautoa Guangzhou tangu 2014. Mwanzoni mwa 2020 oda yangu ilikwama huko miezi minne kwa sababu ya korona, nusura nifunge duka. Sasa nipo kwenye kundi la WhatsApp ambako mwalimu wetu anasema viwanda vyote vya maana vimeshahama China, vimekwenda Vietnam, Cambodia na India, na anayebaki Guangzhou ananunua kwa bei ya wasiojua. Anauza orodha ya viwanda hivyo na anatuunganisha navyo kwa ada. Je, nilipie? Nihamie Vietnam? – Mama wa mabegi, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, usilipe. Na kwa biashara ya mabegi, Guangzhou usiondoke.

Swali lako si la kwanza. Kila wiki naletewa ujumbe wa namna hii, leo wa viatu, kesho wa vyombo vya plastiki au taa, na karibu kila mara nyuma yake yupo mwalimu mwenye orodha. Nimefanya kazi ya kununua na kukagua mizigo Asia kwa miaka mingi, na hakuna kauli inayonikera kama hii ya "viwanda vimehama".

Chukua begi moja la shule hapo dukani, ulifumue kabisa. Utakuta kitambaa cha poliesta cha nje, bitana, sponji ya mgongoni, zipu na vichwa vyake, vishikizo vya plastiki, utepe wa mikanda, uzi, na lebo. Kila kimoja kina kiwanda chake. Pale Shiling, wilaya ya Huadu kaskazini mwa Guangzhou, watengenezaji wa vitu hivyo vyote wamekaa jirani, kiasi kwamba fundi akiishiwa zipu asubuhi, mchana anashona tena. Baigou, mji wa mabegi ulioko mkoa wa Hebei, ni hivyohivyo. Ujirani huo umejengwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na huo ndio unaolifanya begi lako liwe la bei unayoijua.

Kampuni ya Marekani inapotangaza kwamba imehamishia mabegi yake Vietnam au Cambodia, kilichohama mara nyingi ni cherehani na mshono wa mwisho. Kitambaa, zipu na vishikizo vinaendelea kutoka China, kwa malori yanayovuka mpaka wa China na Vietnam pale Lang Son au kwa meli mpaka Hai Phong, bandari ya kaskazini mwa Vietnam. Korona yenyewe ilituonyesha jambo hili waziwazi. Februari 2020, China ilipokuwa imefungwa, Cambodia ilikuwa na wagonjwa wachache mno, lakini baadhi ya viwanda vyake vya nguo vilisimamisha kazi kwa kukosa vitambaa. Wafanyakazi walikuwa wazima na umeme upo, ila hakukuwa na cha kushona.

Dawa nazo zilipita njia hiyo. Mwezi Machi 2020 India ilizuia kwa muda kuuza nje aina 26 za dawa na malighafi zake, paracetamol ikiwemo, kwa sababu sehemu kubwa ya malighafi za viwanda vyake vya dawa hutoka China. Sisi tunaonunua dawa nyingi kutoka India tulipaswa kulishika somo lile, badala yake tumeshika la "China imekwisha". Na mwaka uliofuata, 2021, mauzo ya nje ya China yalipanda kwa karibu asilimia 30 na kupita dola trilioni 3.3.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo mwalimu wako ama halijui ama analificha. Kazi ya kushona mabegi ilianza kuhama China kabla ya korona, na sababu yake ilikuwa ushuru wa Marekani. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu mabegi na mikoba ya safari kutoka nchi maskini zaidi, Cambodia ikiwa miongoni mwao, kuingia kwake bila ushuru. Septemba 2018 ikaweka nyongeza ya asilimia 10 kwa mabegi ya China, na Mei 2019 nyongeza hiyo ikapanda hadi asilimia 25. Mnunuzi wa Chicago alikuwa na sababu nzito ya kutafuta cherehani nje ya China, hata kama begi lenyewe lingemgharimu zaidi kulitengeneza, kwa sababu alichokuwa akikikwepa ni hiyo robo ya bei.

Wewe unakwepa nini? Ushuru wa Marekani haukuhusu. Begi la Guangzhou na begi la Ho Chi Minh City yakifika bandari ya Dar es Salaam yanatozwa ushuru uleule wa pamoja wa Afrika Mashariki. Hakuna afisa wa forodha atakayekupunguzia shilingi kwa sababu begi limeshonwa Vietnam. Ukifuata nyayo za mnunuzi wa Chicago unachukua gharama zake zote, ila faida yake huipati.

Gharama hizo zipo. Viwanda vingi vya mabegi vya Vietnam na Cambodia vimejengwa kuhudumia majina makubwa ya Ulaya na Marekani. Oda yao ya chini ni maelfu ya vipande kwa muundo mmoja na rangi moja. Wewe umezoea kuingia sokoni Guangzhou, ukachukua katoni tatu za huu, tano za ule, na mbili za mtindo mpya ujaribu, kisha unachangia kontena na wenzako. Utaratibu huo, pamoja na maghala ya kukusanyia mizigo ya Waafrika, mawakala wanaozungumza Kiswahili na meli zinazojulikana ratiba zake, haupo Cambodia. Ukienda na oda yako ya vipande mia mbili mia mbili, kiwanda halisi hakitakujibu. Atakayekujibu ni dalali, na huyo dalali ataagiza mabegi Guangzhou.

Hata nchi zinazosifiwa zina ukomo wake. Vietnam nzima ina watu wapatao milioni 100, wakati mkoa mmoja tu wa Guangdong ulihesabiwa watu milioni 126 mwaka 2020. Katikati ya 2021 korona ilipoingia Ho Chi Minh City na majirani zake, viwanda vilifungwa kwa miezi, na vilivyoruhusiwa kuendelea vililazimika kuwalaza wafanyakazi humohumo ndani. Nike, inayotengeneza karibu nusu ya viatu vyake Vietnam, ilipungukiwa viatu mpaka mwaka uliofuata. Mei na Juni 2023 mabwawa yalikauka, umeme ukakatwa kaskazini mwa nchi hiyo kwenye mikoa yenye viwanda vingi. Halafu Aprili 2025 Marekani ikatangaza ushuru wa asilimia 46 kwa Vietnam na 49 kwa Cambodia. Baadaye ulishushwa kwa mazungumzo, lakini waliokuwa wamekimbilia huko kukwepa ushuru walikesha wakipiga hesabu upya.

Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika. Simu zimehama kweli, nazo zilianza mapema. Samsung ilifungua kiwanda cha simu Bac Ninh, Vietnam, mwaka 2009, na mwaka 2019 ikafunga kiwanda chake cha mwisho cha simu nchini China, kile cha Huizhou. Utengenezaji wa iPhone unakua Tamil Nadu, kusini mwa India, ukisukumwa na ruzuku ambazo serikali ya India ilianza kutoa mwaka 2020. Penang, Malaysia, wanaunganisha na kupima chipu za kompyuta tangu Intel ilipofika mwaka 1972. Thailand ni ya magari. Bangladesh ni ya fulana na suruali, na ingekuwa unauza fulana ningekuambia ukaione Dhaka, au Tiruppur kule India, bila kusita. Japani nayo ilitenga mwaka 2020 yeni bilioni 243.5 kusaidia kampuni zake kupunguza kuitegemea China, lakini bilioni 220 kati ya hizo zilikuwa za kuzirudisha nyumbani Japani. Ukiangalia kwa makini, kila bidhaa imekwenda kwa sababu yake na kwa kasi yake. Anayekuambia "viwanda vimehama" bila kukutajia bidhaa gani, sehemu gani ya bidhaa hiyo na inauzwa wapi, hajakuambia kitu.

Turudi kwenye ile miezi minne iliyokuumiza, maana hofu yako ni ya haki. Uliumia kwa sababu ulikuwa na muuzaji mmoja, mji mmoja, na oda iliyotolewa Desemba kuelekea mwaka mpya wa Kichina, nadhani. Kinga yake ipo humohumo China. Tafuta muuzaji wa pili mkoa mwingine, kama Baigou huko Hebei, au Quanzhou mkoani Fujian. Wakati wa korona miji haikufungwa yote kwa siku moja. Shanghai ilifungwa Aprili na Mei 2022. Wilaya ya Haizhu, Guangzhou, lilipo soko kubwa la vitambaa la Zhongda, ilifungwa vikali Novemba mwaka huohuo. Mwenye wauzaji wawili katika mikoa miwili alipata walau nusu ya mzigo. Mabegi ya shule ya Januari yatolewe oda kabla ya Septemba kuisha, ili yapakiwe Oktoba, na akiba kidogo ya yale yanayotoka kila mwaka ikae stoo. Fedha uliyotaka kumpa mwalimu itakulipia tiketi ya treni kutoka Guangzhou mpaka Quanzhou, na ibaki ya chakula.

Hao walimu sasa. Nawaambia na wengine mnaosoma, kwa sababu mchezo wao ni mmoja hata bidhaa zikibadilika. Orodha wanazouza ni majina yaliyookotwa kwenye intaneti. Nimeletewa moja iliyokuwa na kiwanda cha samaki wa makopo katikati ya viwanda vya viatu. Ukishalipia orodha, unaunganishwa na "mwakilishi" ambaye hakosi kujibu, ana picha nzuri za kiwanda, na bei yake inakaribia kabisa ile unayoijua. Mteja wangu mmoja aliingia humo. Mzigo ulipakiwa Hai Phong kweli, lakini alipofungua katoni akakuta chini ya lebo ya Vietnam kuna lebo nyingine imegandishwa, ya Kichina. Nyaraka zilisema hivi, bidhaa ikasema vile. Maswali yalipoanza, mzigo ukakaa bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku, na mwalimu akaondoka kwenye kundi.

Kubadilisha lebo si ujanja wa biashara, ni udanganyifu wa forodha. Mataifa yenyewe yanalifuatilia. Mwaka 2022 Marekani ilichunguza paneli za umeme wa jua zilizotoka Cambodia, Malaysia, Thailand na Vietnam, na mwaka 2023 ikaamua kwamba baadhi ya kampuni zilikuwa zikipitisha huko bidhaa za Kichina ili kukwepa ushuru. Ikiwa kampuni zenye wanasheria wake zimebanwa, mwenye kontena la kuchangia atajitetea na nini?

Kwa hiyo mtu akikuuzia kiwanda cha Vietnam, Cambodia au kwingineko, mwombe usajili wa kampuni uliotolewa na serikali ya nchi hiyo, kisha linganisha jina lililo kwenye usajili, kwenye ankara na kwenye akaunti ya benki. Kiwanda cha Vietnam kinachotaka fedha zitumwe kwenye akaunti ya mtu binafsi China au Hong Kong si kiwanda cha Vietnam. Uliza kitambaa kinatoka wapi na zipu zinatoka wapi. Mwenye kiwanda halisi atakujibu papo hapo, tena bila aibu, kwamba vinatoka China. Dalali ndiye atakayekuapia kwamba kila kitu ni cha hapohapo. Angalia hati ya kusafirishia mzigo, ile mnayoiita BL, uone kama bandari ya kupakilia iliyoandikwa humo ni ya nchi hiyo kweli. Cheti cha uasilia wa bidhaa, kile kinachosema imetengenezwa nchi gani, usikipokee kama picha ya simu; kina namba, na mamlaka iliyokitoa inaweza kuulizwa kama inakitambua. Na malipo ya awali yasitoke kabla mkaguzi wa kukodi hajafika mlangoni pa kiwanda na kuona mashine zikifanya kazi. Gharama ya ukaguzi wa siku moja ni ndogo mno ukiilinganisha na kontena.

Na kama kuna mwenzako kwenye kundi hilo ambaye ameshatuma fedha wiki hii, mwambie asisubiri mwalimu amjibu. Aende benki yake leo, akiwa na risiti ya kutuma fedha na mazungumzo yote ya WhatsApp, aombe uhamisho huo usimamishwe, kisha aende polisi akaandikishe taarifa. Baada ya siku mbili tatu fedha zinakuwa zimeshatoka kwenye akaunti ya pili na ya tatu, na benki haina tena cha kusimamisha.