Mtoto akiingia darasa la pili shule ya Kikatoliki, wazazi nanyi mnaingia

Binti yetu alipoanza darasa la pili hapa Marekani, mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kusoma na hesabu. Mimi nilipokea Komunyo ya Kwanza Bukoba nikiwa darasa la nne, hivyo nilijua muda bado upo. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu akasema watoto wataungama kwa mara ya kwanza wakati wa Kwaresima, na Mei watapokea Komunyo. Kumbe katika shule nyingi za Kikatoliki huku, darasa la pili ndilo darasa la Sakramenti. Papa Pius wa 10 alitoa agizo mwaka 1910 kwamba mtoto wa miaka kama 7, akishatambua jema na baya, asicheleweshwe.

Kama mtoto wenu alibatizwa nyumbani, tafuteni cheti cha ubatizo mapema, shule ikifunguliwa tu. Cha kwetu kilikuwa kimepotea. Kaka yangu alienda parokiani mara tatu mpaka jina likaonekana kwenye kitabu cha ubatizo, na karatasi yenye mhuri ilitufikia baada ya miezi miwili. Nilikosa usingizi bure.

Kilichonigusa zaidi ni kutafiti dhamiri, yaani kujichunguza umekosa wapi kabla ya kuungama. Watoto wanafundishwa kutofautisha bahati mbaya na makusudi. Jioni moja binti yangu alimwaga maziwa mezani, akabaki ameshika kikombe, macho yamemtoka. "Mama, na hii nitaiungama?" Nikamwambia hapana, hiyo ni ajali, lete kitambaa tufute. Akafuta kimya, kisha akasema, "Na ile siku nilimsukuma mdogo wangu nikasema ameanguka mwenyewe?" Nikamjibu, "Hiyo ndiyo, mwanangu." Alikiacha kitambaa pale pale, akaenda chumbani kwa mdogo wake.

Hapo nawasihi wazazi wenzangu: msimtishe mtoto kwa kitubio, yaani kule kuungama. Niliwahi kumwambia, "Endelea tu, utamweleza padre," na kwa wiki nzima akawa anaogopa hata kumsalimia padre baada ya Misa. Ilibidi nimwombe radhi, nimweleze upya kwamba padre yuko pale kumsaidia apokee msamaha.

Sala ya kutubu shuleni walifundishwa kwa Kiingereza. Nyumbani tukasali "Mungu wangu, nimetubu sana" kwa Kiswahili, bibi yake akimwongoza mstari kwa mstari kwenye simu kila Jumamosi. Msiogope kwamba lugha mbili zitamchanganya. Wangu alipata sala mbili, na bibi yake akawa na sehemu katika maandalizi.

Hesabu nayo ina mambo yake. Nilimfundisha 52 kutoa 27 kwa kukopa kama tulivyofundishwa sisi, akalia. Shuleni wanachora vijiti vya makumi na nukta za mamoja, kisha wanavunja kijiti kimoja kuwa nukta kumi. Ni kukopa kule kule, ila mtoto anaona alichokopa. Mwombeni mwalimu awaonyeshe njia yake kabla hamjakaa na mtoto. Sarafu pia zinawasumbua, kwa sababu sarafu ya senti 10 ni ndogo kuliko ya senti 5. Tulizimwaga mezani tukacheza duka mpaka akazizoea.

Gauni jeupe tuliazima kwa jirani. Msiingie madeni kwa ajili ya nguo.

Mwezi wa mwisho walifanya mazoezi ya kupokea kwa hostia, yaani vile vimkate vyembamba vya Komunyo, ambazo padre hajazigeuza kwenye Misa kuwa Mwili wa Kristo: mkono wa kushoto juu ya wa kulia, padre akisema "Mwili wa Kristo" unajibu "Amina". Jioni nilimkuta sebuleni akimfundisha mdogo wake kupanga mikono, akimrudisha kila alipokosea.

Huyo mdogo sasa yuko darasa la kwanza. Cheti chake cha ubatizo kimeshafika, kipo kwenye droo.