Kiungo cha taya baada ya upasuaji wa kurekebisha taya: kwa wenzangu mnaoanza kazi ya meno Malindi

Mgonjwa wa Malindi, Gede au Mambrui anayehitaji kurekebishwa taya kwa upasuaji kwa kawaida hupelekwa Mombasa au Nairobi, na baada ya kuonwa mara chache na daktari aliyempasua hurudi nyumbani. Matatizo ya kiungo cha taya, kwa upande wake, mara nyingi hujitokeza miezi mingi baadaye, wakati uvimbe umekwisha, nauli ya kurudi huko imekuwa mzigo, na kila mtu nyumbani ameshaamini kwamba kazi imekwisha. Basi anayeweza kuyagundua mapema ni ninyi mlio kwenye kliniki ya karibu, na ndiyo sababu ninawasihi mkihesabu kiungo hiki kuwa sehemu ya kazi yenu tangu siku mnapoandika barua ya kumpeleka mgonjwa.

Kiungo chenyewe kiko mbele kidogo ya tundu la sikio. Kichwa cha mfupa wa taya la chini hukaa katika kishimo cha mfupa wa fuvu, na baina yao pana kisahani laini kinachosogea pamoja na kichwa hicho kinywa kinapofunguka. Mkato unaotumika zaidi katika kurekebisha taya la chini, ulioelezwa na madaktari wa upasuaji Trauner na Obwegeser mwaka 1957 na kuboreshwa na wengine baadaye, hulipasua tawi la nyuma la taya kwa urefu, kulia na kushoto, ili sehemu yenye meno isogezwe mbele au nyuma huku sehemu iliyobeba kichwa cha kiungo ikibaki mahali pake. Kisha vipande hushikanishwa kwa vibati na skurubu. Kisu hakikigusi kiungo, lakini kiungo hupokea matokeo yote: misuli iliyovutwa, kichwa cha mfupa kilichogeuzwa kidogo, na uzito wa kutafuna unaokuja kwa pembe mpya. Zamani mataya yalifungwa kwa waya kwa wiki sita hivi, na misuli ilikakamaa. Skurubu zimempa mgonjwa nafasi ya kufungua kinywa mapema, lakini pia hukikaza kichwa cha kiungo palepale kilipokuwa wakati wa kufungwa, hata kama hapakuwa mahali pake sahihi.

Kosa hilo la mahali hujionyesha mapema. Mgonjwa amelala, misuli imelegezwa na dawa ya usingizi, na kichwa cha kiungo kimeshuka kutoka katika kishimo chake. Skurubu zikikazwa hivyo, meno huonekana yamekutana vizuri, kama mlango uliotiwa bawaba ukiwa umeegemezwa, ambao hupinda mara tu egemeo linapoondolewa. Mkiona katika siku au wiki za kwanza kwamba meno ya mbele hayakutani tena, au taya limevuta upande mmoja, msisubiri miadi ijayo. Mpigieni simu daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile linalokuja taratibu, yaani kichwa cha kiungo kuliwa na kupungua. Mara nyingi huanza baina ya miezi sita na miaka miwili baada ya upasuaji, na huenda lisiume hata kidogo. Nakumbuka binti mmoja ambaye taya lake la chini lilisogezwa mbele na ambaye hakulalamikia maumivu wala sauti sikioni. Alisema tu kwamba siku hizi hawezi kuikata hamri kwa meno ya mbele, huanza kuimega kwa mkono. Maneno ya namna hiyo ni dalili. Kichwa cha mfupa kikipungua pande zote mbili, taya hurudi nyuma, magego huwa ndiyo yanayogusana peke yake, na mwanya hufunguka mbele. Walio hatarini zaidi ni wasichana na wanawake vijana, hasa wenye kidevu kilichorudi nyuma na ukingo wa taya ulioinama sana, wenye vichwa vya viungo vidogo au vyembamba tangu awali, na wale ambao taya lao limesogezwa mbele masafa makubwa, hasa zaidi ya milimita 10. Mwenye ugonjwa wa baridi yabisi, ukiwamo ule unaoanza utotoni, huhitaji uangalifu wa pekee, kwa hiyo ulizeni kuhusu viungo vya mikono na magoti hata kama amekuja kwa ajili ya meno.

Kabla ya kumpeleka mgonjwa, pimeni kwa rula umbali baina ya meno ya juu na ya chini ya mbele kinywa kikiwa wazi kabisa. Mtu mzima kwa kawaida hufikia milimita 40 au zaidi, na chini ya 35 ni dalili ya kizuizi. Andikeni pia kama taya hupinda linapofunguka, kama kiungo hualika, na mahali panapouma mkikibonyeza. Picha ya eksirei ya mataya yote mawili iwekwe katika faili, na mgonjwa apewe nakala, kwani faili hupotea na watu huhama. Bila kipimo cha awali hakuna atakayeweza kusema kama jambo ni jipya au lilikuwepo.

Kuhusu ahadi, nina msimamo mkali. Msimwambie mtu kwamba upasuaji utamponya kiungo kinachoalika au kuuma. Wengi hupata nafuu, wengine hubaki vilevile, na wachache ambao hawakuwa na tatizo hulipata. Mgonjwa na wazazi wake wayasikie hayo mapema, kwa Kiswahili chepesi, tena kabla ya ndugu kuchanga fedha.

Akisharudi, mazoezi ya kufungua kinywa yafuate ratiba ya daktari aliyempasua, na chakula kiwe laini kwa kadiri alivyoelekeza. Uji, ndizi za kuponda, samaki wa kupaza na mchuzi si shida kupatikana kwetu. Shida ni miwa, bisi, kashata na, kwa vijana wetu, miraa na muguka. Muguka hutafunwa kwa saa nyingi, mara nyingi upande mmoja, pamoja na chingamu au karanga, nao ni mzigo mzito kwa kiungo kinachojaribu kuzoea mahali papya. Kijana hatautaja mbele ya mama yake aliyemsindikiza, kwa hiyo mtafutieni nafasi ya kuzungumza naye peke yake, na muulizeni bila kumkaripia.

Mkishuku kwamba kiungo kinapungua, rudieni vipimo vilevile, pigeni picha ya meno yakiwa yamefungwa, na mumrudishe kwa aliyempasua mkiwa na vipimo vya zamani na vipya katika barua moja. Huko huenda akahitaji picha ya CT au MRI, yaani picha za mashine kubwa zinazoonyesha mfupa na kisahani kwa undani. Kwa wakati huo chakula laini, dawa za kupunguza uvimbe kwa mgonjwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, na kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno vinaweza kupunguza maumivu na mzigo, ingawa haviurudishi mfupa uliokwisha. Mgonjwa atataka mwanya uzibwe haraka, na wapo watakaotaka vyuma vya meno virudishwe mara moja. Mwelezeni kwamba kurekebisha meno au kupasua tena wakati mfupa bado unapungua ni kujenga juu ya kitu kinachosogea; kwanza vipimo vinavyorudiwa kila baada ya miezi michache vionyeshe kwamba kiungo kimetulia, ndipo madaktari waamue kama patahitajika upasuaji wa pili au, kwa kiungo kilichoharibika sana, kiungo cha bandia.