Baada ya kutoa mijazo ya zebaki: jino, "ditoksi" na dalili zinazochanganywa

Wiki mbili za kwanza baada ya kutoa mijazo ya zebaki ndizo zinazouza dawa za kusafisha sumu kuliko wakati mwingine wowote. Mtu katoka kwa daktari wa meno, jino linamuuma akinywa chai, kichwa kizito, tumbo linasokota, na kila anayemweleza ana chupa ya kumuuzia. Akizidiwa baada ya kuinywa, anaambiwa avumilie, hiyo ndiyo sumu inatoka. Hapo ndipo watu wanapoumia. Dalili nyingi za kipindi hiki zinatoka kwenye jino lililochimbwa au kwenye dawa yenyewe ya "ditoksi", na ukizijua tabia zake unaweza kuzitofautisha.

Mjazo wa rangi ya fedha, yaani amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki; iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ukiwa mzima hutoa mvuke kidogo sana, unaoongezeka mtu anapotafuna au akiwa na tabia ya kusaga meno usingizini. Mashine ya kuchimbia ikiugusa, joto hupanda na mvuke huwa mwingi kwa dakika chache. Utoaji mzuri basi ni ule wenye mpira wa kutenga jino, mrija wa kunyonya wenye nguvu uliosogezwa karibu kabisa na jino, na maji mengi ya kupoza. Mjazo wenyewe ukatwe vipande ving'olewe, usisagwe wote ukawa unga. Uliza mambo haya kabla hujakaa kwenye kiti. Na kama ulimeza kipande, usikeshe ukiwaza: zebaki ya namna hiyo haifyonzwi na utumbo kwa kiasi cha maana, hutoka na haja kubwa. Njia yake ya kuingia mwilini ni mapafu, na mvuke unaovutwa hubaki mwilini kwa takriban asilimia 80.

Kwa hiyo ni kweli kwamba baada ya kutoa mijazo kipimo cha zebaki hupanda kidogo kwa siku chache. Kisha hushuka, kwa sababu chanzo kimeondoka. Figo ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, haja kubwa ikisaidia, na kiasi kilichomo mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya miezi miwili hivi. Piga hesabu: baada ya miezi minne imebaki robo, baada ya minane imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Hayo yote bila chupa yoyote.

Kinachotoka kwenye jino

Jino kushtuka kwa baridi au moto ni jambo la kawaida kwa wiki mbili hadi nne, hasa kama shimo lilikuwa kubwa na limezibwa kwa mjazo mweupe wa kugandishwa kwa mwanga. Jino likiuma unapotafuna tu, na hasa unapoachia, mara nyingi mjazo mpya umekaa juu kuliko meno mengine. Daktari huusawazisha kwa karatasi ya rangi na dakika tano za kazi. Ukiuacha, misuli ya taya huanza kuuma, kisha kichwa pande za panja, na mtu anaamini zebaki imepanda ubongoni. Maumivu yanayoanza kwa baridi yakaendelea zaidi ya nusu dakika, au yanayokuamsha usiku, ni ishara kwamba neva ya jino imeumia. Hilo linataka tiba ya mzizi, na hakuna unga wa kijani utakaolituliza.

Taya kukaza siku mbili tatu hutokana na sindano ya ganzi na kukaa mdomo wazi muda mrefu. Fizi kuchubuka ni kazi ya ule mpira. Wale waliokuwa na mabaka meupe kama wavu kwenye shavu, pale linapogusana na mjazo, wana sababu nzuri ya kuutoa, maana mabaka hayo mara nyingi huanza kufifia ndani ya miezi miwili au mitatu.

Kinachotoka kwenye dawa

Dawa za kunasa metali, DMSA na DMPS, ni dawa za hospitali za kutibu sumu iliyothibitishwa na vipimo. DMSA huleta kichefuchefu, kuhara, upele, na pumzi au mkojo wenye harufu ya mayai viza kwa sababu ya salfa iliyomo. Hayo unayaona. Usiyoyaona ni chembe nyeupe za damu kushuka na vimeng'enya vya ini kupanda, ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu kabla na wakati wa dozi. DMPS ikichomwa haraka mshipani hushusha shinikizo la damu, na kwa wachache huleta mzio mkali wa ngozi wenye malengelenge mdomoni na machoni. Hufukuza pia zinki na shaba unazozihitaji. Mwenye figo dhaifu ana hatari zaidi, kwa kuwa mzigo wote unapitia hukohuko.

EDTA, dawa nyingine ya kunasa metali, hata hainasi zebaki vizuri, lakini bado inachomwa kwenye vituo vya "kusafisha damu". Nchini Marekani, kati ya 2003 na 2005, watu watatu, wawili wao watoto, walifariki baada ya kuchomwa EDTA: kalisi ya damu ilianguka, moyo ukasimama.

Na faida yake je? Huko Denmark, wagonjwa 50 walioamini mijazo imewadhuru walipewa DMSA au kidonge kisicho na dawa, bila kujua nani kapewa nini. Makundi yote mawili yalisema yamepata nafuu, bila tofauti. Ujerumani nako, mwaka 2008, yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watu 90: waliotolewa mijazo, waliotolewa mijazo wakaongezewa na "usafishaji" wa vitamini na madini, na wasiotolewa kitu ila kufundishwa mtindo bora wa maisha. Baada ya mwaka makundi yote matatu yalikuwa na nafuu inayokaribiana.

Vya dukani navyo vina yake. Mwani wa klorela hujaza gesi, huharisha na kugeuza choo kijani, na vitamini K yake hupunguza nguvu ya warfarini kwa anayetumia dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda. Asidi ya alfa-lipoiki hushusha sukari. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kutetemeka na kutoka jasho akadhani ni "sumu". Mkaa wa dawa haunasi metali ipasavyo, ila hunasa dawa zako nyingine, za kifafa zikiwamo, na kufunga choo. Seleniamu ikizidi, kucha hukatika, nywele hunyonyoka na pumzi hunuka kitunguu saumu. Ukomo uliowekwa Marekani ni mikrogramu 400 kwa siku, Ulaya wameushusha hadi 255. Vitamini C ya gramu kadhaa kwa siku huharisha, na kwa wenye historia ya mawe ya figo ni kuyaita tena. Giligilani ile kwenye kachumbari, ni tamu. Kama dawa ya zebaki haijathibitika.

Udongo wa kunywa ndio unaonikera kuliko vyote. Anayetafuta kutoa metali anakunywa kitu ambacho mara nyingine kina metali: mamlaka ya dawa ya Marekani imewahi kuonya juu ya udongo wa aina hiyo wenye risasi, na pemba, ule udongo unaoliwa na wajawazito, kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania imepimwa ikakutwa na arseniki na risasi.

Kanuni ninayoishauri ni moja. Dalili ikianza au kuzidi ndani ya saa au siku chache baada ya kuanza dawa fulani, iache dawa hiyo na umwone daktari na chupa yake mkononi. Usikubali kuongezewa dozi eti ili "kupita kipindi kigumu".

Kabla ya kulaumu mjazo

Pima. Kipimo kinachofaa kwa zebaki ya mijazo ni mkojo, kikilinganishwa na kreatinini (taka ya misuli inayoonyesha mkojo umekolea kiasi gani), bila kumeza dawa yoyote ya kunasa metali kwanza. Maabara nyingi huchukua chini ya mikrogramu 20 kwa lita kuwa kawaida, na wengi wenye mijazo huwa chini sana ya hapo. Kuna wanaokupa DMSA kisha wanapima mkojo na kukuonyesha mchoro mwekundu. Mkojo wa mtu yeyote hupanda akipewa dawa hiyo, na chama cha madaktari wa sumu cha Marekani kimeshasema kipimo hicho hakina maana. Damu nayo huonyesha zaidi zebaki ya samaki: ukila papa, nduaro au jodari mara kwa mara itapanda na kukaa juu kwa wiki kadhaa. Dagaa hawana shida hiyo.

Mkojo ukiwa juu kweli, kwetu huku angalia kwanza mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi. Madaktari wa Nairobi waliandika tangu 1972 juu ya wagonjwa wa figo waliotumia krimu zenye zebaki. Angalia pia kama kuna anayechoma nyumbani dhahabu iliyonaswa kwa zebaki, kama inavyofanyika Geita, Chunya au Migori: mvuke wa kikaango kimoja unaupita kwa mbali sana ule wa meno.

Mijazo mizima isiyo na tatizo, mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2020 ilishauri iachwe isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata upele wenye malengelenge au midomo kuvimba, mkojo wenye povu jingi au uliopungua ghafla, macho kuwa ya manjano, kuzimia, au homa na uvimbe wa shavu upande wa jino. Kama unataka kujua mwili umefika wapi, rudia mkojo miezi sita baada ya mjazo wa mwisho kutolewa, maabara ileile, chombo walichokupa wao.