Msimu wa pili wa mvua: nyanya zinaoza kitako, sukuma imekuwa njano, nimwagilie kiasi gani?

Dada wa Mukono, Uganda, nimelisoma swali lako. Kiwanja cha nyuma ya nyumba kina matuta matano ya mita 1 kwa mita 5, ulipanda sukuma, nyanya na nakati (mboga ya majani ya jamii ya biringanya) mwishoni mwa Septemba, na unamwagilia kila jioni ili zisipungukiwe. Sasa sukuma inageuka njano kuanzia majani ya chini, nyanya zina doa jeusi kitakoni, na unauliza Desemba uongeze jerikeni ngapi, na kama vitunguu navyo vinafaa. Kwanza acha kumwagilia kila jioni. Oktoba na Novemba kazi kubwa ya bustani yako ni kuyapa maji njia ya kutoka. Zamu ya kuyabeba itakuja mvua ikikatika.

Wengi hapa husoma mafunzo ya Ulaya na Marekani yanayosema upande mboga za vuli mapema kabla ya baridi kali. Huku kwetu karibu na Ikweta mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima na hakuna barafu ya kuogopa. Mwisho wa msimu wetu ni ukame. Ukanda wa Ziwa Viktoria hapa Uganda, kuanzia Masaka hadi Jinja, mvua za pili huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, hupamba moto Oktoba na Novemba, na kufikia katikati ya Desemba huwa zimeishiwa nguvu. Kwa hiyo hesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka Desemba. Kabichi inataka siku 75 hadi 100 tangu miche ihamishwe, nyanya 75 hadi 90, karoti karibu hivyo hivyo tangu mbegu ziingie udongoni. Mazao hayo yawe shambani kabla Septemba haijaisha. Miche ya sukuma, kabichi na nyanya hukaa kitaluni wiki nne hadi tano, maana yake kitalu ni cha Agosti, wakati jua bado linawaka na jirani anakushangaa. Dodo, yaani mchicha, ndiyo isiyo na haraka: wiki tatu au nne unakula, hata ukisia Novemba. Walio kaskazini, Gulu na Lira, msifuate tarehe hizi, mvua yenu ni moja ndefu na hukoma mapema kuliko ya huku.

Sasa maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Mboga iliyoshamiri, siku ya jua kali, hutumia kama milimita 4 hadi 5. Tuta lako lina mita za mraba 5, hivyo linahitaji lita 20 hadi 25 kwa siku, yaani jerikeni moja ya lita 20 na pengine robo yake juu. Hiyo ni siku ya jua isiyo na mvua. Mvua moja nzito ya alasiri yenye milimita 20 hulimwagia tuta hilo hilo lita 100, jerikeni tano. Ikinyesha Jumatatu, kumwagilia Jumanne ni kuzamisha mizizi. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, la maziwa ya unga kwa mfano, liweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, na baada ya mvua lipime kwa rula. Milimita 15 zikipatikana, pumzika siku tatu.

Halafu kidole. Kizamishe udongoni hadi kiungo cha pili, sentimita 5 hivi, kando ya shina. Udongo ukiganda kidoleni, ondoka. Ukitoka mkavu na kuchanguka kama unga, leta maji. Usiangalie majani ya saa nane mchana. Sukuma na maboga hulegea wakati huo hata kwenye udongo uliolowa, na jioni husimama tena. Mmea uliolegea saa moja asubuhi ndio wenye shida ya kweli.

Ukimwagilia, mwagilia asubuhi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu. Maji ya jioni hulala juu ya majani usiku kucha, na kwa nyanya huo ndio mlango wa baka jani chelewa, ule ugonjwa wa madoa ya kahawia yenye kingo za majimaji na ukungu mweupe chini ya jani. Katika wiki ya mawingu na ubaridi huo ugonjwa humaliza tuta zima kwa siku chache. Nyanya imwagiliwe shinani tu, majani yabaki makavu. Ifungie mti, ondoa majani yote yanayogusa udongo hadi sentimita 30 kutoka chini, acha sentimita 60 kati ya mche na mche na 75 au zaidi kati ya mistari. Dawa za ukungu kama mankozebu hukinga jani zima lisiugue, haziponyi lililokwisha kuoza, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye lebo. Wengi huzipuuza kisha nyanya zinafika mezani zikiwa na unga mweupe.

Doa jeusi la kitakoni ni jambo jingine na halina dawa ya kupulizia. Linaitwa kuoza kitako. Tunda linakosa kalsiamu wakati linapokua, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni; kinachokosekana ni mtiririko sawa wa maji wa kuipandisha. Udongo ukilowa chapachapa leo, ukakauka Alhamisi, ukalowa tena Jumamosi, matunda ya kipindi hicho huoza chini. Mbolea nyingi ya chumvichumvi ya kukuzia nayo huzidisha tatizo. Chuma yaliyooza utupe, tandaza nyasi kavu, sawazisha maji, na vichala vinavyofuata vitakuwa safi. Maganda ya mayai yaliyopondwa hayadhuru, ila huchukua miezi kuoza, usiyategemee msimu huu.

Kabla hujaendelea, chunguza kama kuna mche wa nyanya unaonyauka ukiwa bado kijani. Kata shina lake karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, lisubirie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa na udongo wa mizizi yake, usiutupe kwenye mboji, osha jembe. Na hapa ndipo watu wa kwetu hujikwaa: wanaondoa nyanya, msimu ujao wanaweka nakati wakidhani wamebadilisha zao. Nakati, ntula (nyanya chungu), katunkuma (zile ndogo chungu zaidi), biringanya, pilipili na viazi mviringo wote ni ukoo mmoja na nyanya, na bakteria huyo anawajua wote. Tuta hilo lipe sukuma, vitunguu, maharage au mahindi kwa misimu kadhaa.

Njano ya sukuma. Ikianzia majani ya chini na kupanda juu, mmea unakosa naitrojeni, na mvua za Oktoba huisukuma naitrojeni chini ya mizizi. Wewe umeisukuma zaidi kwa maji ya jioni. Lakini kwanza chimba kidogo pembeni: mizizi ikiwa ya kahawia, laini, na udongo unanuka kama mtaro, basi imezama, na mbolea haitasaidia mpaka utoe maji. Inua matuta yafike sentimita 20 hadi 25, yalaze kukata mteremko, na kila njia ya katikati iwe mfereji wa upana wa sentimita 40 unaoelekea nje. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa vilima vya Mukono na Kampala hushika maji sana. Wa kando ya ziwa kule Entebbe ni mchanga, wao wanaweza kumwagilia kidogo kidogo bila hofu hiyo.

Mizizi ikiwa mieupe na migumu, rutubisha. Samadi ya kuku iliyochanganyika na maganda ya kahawa, ile inayotoka kwenye mabanda ya kuku wa nyama, ni nzuri ikiwa imelala ikiwa na unyevu na kugeuzwa kwa wiki nane au zaidi. Ikiwa mbichi inaunguza. Utaitambua iliyokomaa: haina joto ukiingiza mkono, harufu kali ya mkojo imeisha. Weka viganja viwili kuzunguka kila mche, sentimita 10 kutoka shinani, funika kwa udongo. Wakati wa kuandaa tuta jipya, ndoo moja ya mboji kwa kila mita ya mraba, changanya na sentimita 15 za juu. Sukuma hutaka sentimita 45 kwa 60. Najua inaonekana kupoteza nafasi, lakini iliyobanana hutoa majani ya ukubwa wa kiganja na kuhifadhi vidukari.

Jambo moja linalopingana na nilichosema juu ya nyanya: sukuma na kabichi hupenda kunyeshewa juu. Mvua huangusha vidukari na viwavi wa nondo mgongo-almasi, ndiyo maana wadudu hao hupungua Novemba na kurudi kwa fujo Januari. Kwa hiyo mvua ikikatika, mwagilia sukuma kwa kopo lenye matundu kutoka juu, ukigeuza majani uoshe upande wa chini. Asubuhi hiyo hiyo.

Ukiacha ya nyanya, matandazo yawekwe mwishoni mwa Novemba, udongo ukiwa bado umeshiba. Ukisubiri ukauke, unafunika ukavu, na vimvua vidogo vya Desemba vitaishia kwenye nyasi. Unene ni sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina lisioze. Majani makavu ya migomba ni mazuri sana, ila usichukue kwenye shamba lenye mnyauko wa migomba, utaubeba hadi kwako. Mabingobingo yaanikwe kwanza, maana shina bichi lenye kifundo litaota katikati ya tuta na utajuta. Maganda ya kahawa yasizidi sentimita 3, yakirundikana hushikana na kutiririsha maji pembeni.

Desemba sasa. Matuta matano yote yakiwa na mboga, bila matandazo, ni jerikeni tano kwa siku, na matandazo mazuri yanaweza kukuondolea moja au mbili. Uliza mgongo wako. Ushauri wangu ni kupunguza matuta: bakiza mawili ya sukuma, au moja la sukuma na moja la ntula kama unayo, kwa sababu hayo huendelea kutoa miezi mingi. Nakati vuna zote kabla hazijatoa maua na kuwa ngumu. Kwenye hayo mawili, mara majani yakishamiri, mimina jerikeni mbili kwa tuta kila siku ya pili badala ya moja moja kila siku. Maji huzama zaidi na mizizi huyafuata chini. Mimina polepole kwa awamu mbili, ukipishanisha dakika kumi, la sivyo nusu inakimbilia njiani. Kitalu na mbegu zilizosiwa ndizo za maji kidogo mara mbili kwa siku, na hapo pia usizidishe: miche inayokatika shingo na kulala chini ina kinyausi, na kinyausi hupenda kitalu kilicholowa na kubanana.

Mashina machache ya nyanya yaliyobaki yawekee chupa za maji za lita 1.5. Toboa kifuniko tundu moja kwa sindano ya moto, kata kitako cha chupa, izamishe kichwa chini sentimita 10 kando ya mmea, funga kitambaa kifunikoni matope yasizibe. Ikiisha ndani ya saa moja tundu ni kubwa mno. Unataka ichukue nusu siku.

Anza kukinga maji ya paa leo. Paa la mabati la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 5 tu, linajaza karibu pipa la lita 200. Acha maji ya dakika za kwanza yaende na vumbi, funika pipa kwa wavu wa mbu. Maji ya kuoshea vyombo yanaweza kwenda kwenye mizizi ya migomba au mpapai, yasiguse mboga za majani.

Wanaolima kwenye gunia, Kampala hasa: gunia hupigwa na upepo pande zote, hukauka haraka kuliko tuta. Nguzo ya kokoto katikati iwepo kuanzia chini hadi juu, na maji yamiminwe pale mpaka uone yanachungulia chini. Msipoijenga, mboga za juu zitastawi na za ubavuni zitakauka, na mtalaumu mbegu.

Vitunguu: kwa msimu huu umechelewa. Kitalu ni katikati ya Agosti, miche inakaa wiki sita, inahamishwa mwisho wa Septemba kwa sentimita 10 kwa 25, na Januari inakomaa ukavuni, hali ambayo kitunguu hupenda. Majani yakianza kulala yenyewe acha kumwagilia kabisa, subiri kama wiki mbili, ng'oa, anika kivulini penye upepo mpaka shingo ikauke.