Waambieni mapema, tena kwa maneno yaliyo wazi

Dada, umeuliza kama ni sawa kuwaficha wanao, wa miaka 5 na 8, kwamba baba yao ana saratani ambayo madaktari wamesema haitapona. Mume wangu alipougua saratani ya kongosho, mimi nilichagua kunyamaza, na uamuzi huo ninaujutia hadi leo.

Watoto wetu walikuwa na miaka 4 na 9, nasi tuliwaambia kwamba baba anaumwa tumbo kidogo. Lakini yule mkubwa alisikia tukinong'ona, akaona dawa zikiongezeka na nguo zikimpwaya baba yake, akakaa na mawazo yake peke yake kwa miezi miwili. Nilipomkalisha hatimaye nimweleze, aliniuliza kama baba aliugua kwa sababu ya mpira aliompiga nao tumboni walipokuwa wakicheza. Mshauri nasaha alinifafanulia baadaye kwamba mtoto asiyepewa sababu hujitafutia mwenyewe, na mara nyingi hujiona yeye ndiye sababu. Kwa hiyo utakapowaeleza wanao, utaje ugonjwa kwa jina lake, uwahakikishie kwamba hakuna neno wala tendo lao lililouleta, kwamba hauambukizwi kwa kumkumbatia baba, na uwaambie ni nani atakayewatunza.

Kwa mdogo nilikosea kwa namna nyingine. Baba yake alipofariki, ndugu mmoja alimwambia kwa nia njema kwamba baba amelala, naye kwa muda wa wiki mbili akawa anaogopa kufumba macho usiku. Lugha yetu ina maneno mengi ya staha kuhusu kifo, nami nayapenda, lakini mtoto akisikia "ametutoka" atauliza ametoka kwenda wapi, na akisikia "ametangulia" atauliza sisi tunamfuata lini. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti wake kuhusu watoto wa Budapest, akaonyesha kwamba walio chini ya miaka 5 hukiona kifo kama safari au usingizi, yaani jambo lenye kurudi. Sisi watu wazima tukitumia maneno hayohayo tunawathibitishia kosa lao. Mwishowe nilimwambia kwamba baba amekufa, maana yake mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haoni baridi, haumwi tena, na hatarudi.

Alinisikiliza, kisha akaenda kucheza. Nakiri kwamba niliumia, nikadhani hakumpenda baba yake. Sikujua kwamba huzuni ya mtoto huja na kuondoka, leo analia, baada ya dakika chache anacheka, na swali lilelile hulirudia kwa miezi. Alirudia pia kukojoa kitandani. Hatukumgombeza, na ikapita yenyewe. Ila mtoto akikosa usingizi au akikataa shule kwa muda mrefu, atafutiwe mtaalamu, na akisema anataka kumfuata marehemu, asisubiriwe hata siku moja.

Kuhusu kumwona mgonjwa, waandae kwanza kwa kuwaeleza watakachokikuta, kama vile mrija wa oksijeni na sauti iliyobadilika, kisha waache wachague. Mkubwa wangu aliingia. Mdogo alikataa, akatuma mchoro. Mazishini nako niliwapa hiari hiyohiyo. Mwalimu wa darasa naye ajulishwe mapema, asije akaudhania utoro wa mawazo kuwa uvivu.

Ikiwezekana, waambieni nyinyi wawili mkiwa pamoja, mume wako angali ana nguvu ya kuzungumza. Mwanangu mkubwa alipata siku 11 tu za kumuuliza baba yake maswali akiwa anaujua ukweli, na swali la mwisho lilikuwa namna ya kurudisha mnyororo wa baiskeli uliochomoka. Baba yake alimweleza taratibu, hatua kwa hatua, kwa karibu nusu saa.