Morogoro mpaka Iringa, na hasa zile kilomita 50 za Mikumi

Mmeuliza wiki hii safari gani ya gari uliyosafiri na mwenzi wako ungeirudia kesho asubuhi kama ungeambiwa chagua moja tu, na kwa nini. Mimi na mume wangu tumejibu kwa pamoja kabla hata sijamaliza kumsomea swali: Morogoro mpaka Iringa. Na mkinibana zaidi niseme kipande kipi, ni kile ambacho barabara kuu ya kwenda Zambia inapita ndani kabisa ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi.

Najua wengi mnapita pale kila mwaka mkienda Mbeya, Njombe, Songea, na mnapita mmelala kwenye basi. Sisi tulilala Moro makusudi ili kunapopambazuka tuwe tumeshakaribia hifadhi, maana jua likishapanda wanyama wengi wanaenda kivulini huwaoni tena. Tukagawana kazi kabla ya kibao cha kwanza, yeye macho barabarani tu, porini haangalii kabisa, mimi ndo naangalia na kuita, "kushoto, nyuma ya ule mti," halafu yeye anapunguza taratibu, anawasha hazadi, anakaa pembeni kabisa, hatushuki, ndo na yeye anageuka anaangalia. Utaratibu huu nawashauri wote mnaosafiri wawili, maana dereva anayetafuta tembo huku anaendesha ni hatari kwa kila mtu.

Swala na ngiri tuliwaona mapema, pundamilia kundi zima, nyati kwa mbali. Ila twiga jamani! Alitoka upande wa kulia akasimama katikati ya lami, yaani katikati kabisa, anatuangalia tu, nyuma yetu likaja lori kubwa la mizigo nikasema sasa huyu atapiga honi, lakini yule dereva akazima injini akasubiri na sisi. Tukakaa pale kimya wote. Baadae akaja mwingine, na mwingine, na mtoto wao mmoja ambaye alisita pembeni ya lami kama anaiogopa, mkubwa mmoja akarudi nyuma akasimama naye mpaka wakavuka wote. Mume wangu akanishika mkono hakusema kitu, na yeye si mtu wa kukaa kimya. Nampenda yule dereva wa lori mpaka leo na wala simjui.

Tembo tuliwakuta mbele zaidi. Kwa tembo kiongozi wa familia ni jike mkubwa, na siku ile ilionekana wazi maana alitangulia yeye, watoto wakiwa katikati ya wakubwa, na alipofika karibu na barabara akatugeukia akatanua masikio yote mawili. Hiyo ndo lugha yake ya kusema mmekaribia sana. Mume wangu akarudisha gari nyuma polepole, hakuna honi hakuna kelele, masikio yakashuka na wao wakaendelea na safari yao.

Sasa niseme linaloniuma. Hifadhi ile ilitangazwa 1964 na barabara inaikata vipande viwili, upande mmoja kuna uwanda wa Mkata wenye majani na maji, upande wa pili pori linaenda kuungana na Hifadhi ya Nyerere, kwa hiyo wanyama LAZIMA wavuke, hawana namna. Vibao vya spidi vipo, matuta yapo, na bado kuna watu wanapita pale kama wanakimbizwa. Tuliona mzoga wa swala pembeni na tulinyamaza muda mrefu. Twiga anabeba mimba karibu miezi 15, tembo miezi 22, na kawaida wanazaa mtoto mmoja mmoja, sasa wewe unamgonga kwa sababu unawahi dakika kumi? Usiku ndo mbaya zaidi, twiga macho yake yako juu huko taa za gari hazimulikii, unaona miguu tu tena umeshachelewa. Na nyani wale wanaokaa pembeni ya lami, tafadhali msiwarushie ndizi wala biskuti kupitia dirishani, ndo mnawafundisha kukimbilia magari na wanakufa hapohapo barabarani na watoto wao mgongoni.

Baada ya mji wa Mikumi wanyama wanapungua ila macho hayapumziki, unaingia bonde la mibuyu pale Ruaha Mbuyuni, mibuyu mpaka mlimani, na watu wanauza vitunguu pembeni, halafu mlima Kitonga na kona zake ambapo nilimwambia sasa hapa siongei uendeshe. Iringa mjini baridi ikatupokea. Kesho yake tukaenda Isimila kuona zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale, pazuri sana, mume wangu alipiga picha nyingi kuliko mimi. Lakini usiku tulipokaa tunaongea, kila tukianza habari ya Isimila tunajikuta tumerudi kwa yule twiga mdogo aliyesita.

Kwa hiyo ndio, kesho asubuhi tungeenda. Safari hii tungechepuka pale mji wa Mikumi tushike njia ya Ifakara mpaka Mang'ula, tupande maporomoko ya Sanje kwenye Milima ya Udzungwa, kuna mbega wekundu kule ambao hawapatikani kwingine duniani na mume wangu ameshaanza kuulizia darubini.