Tuliificha barua ya hospisi kwenye droo

Daktari aliposema, "Mpelekeni Mzee kwa watu wa hospisi," shangazi alijifunika uso kwa leso akaanza kulia. Sote tulielewa kwamba Baba amekatiwa tamaa. Barua ya rufaa ikalala kwenye droo wiki tano. Wiki hizo Baba alilala ameketi, saratani ya umio imemkaba, akiuma pindo la shuka ili wajukuu wasimsikie. Kama nyumbani kwenu mna barua kama hiyo, itoeni leo.

Hospisi si nyumba ya kungojea mauti; ni huduma ya kumpunguzia maumivu na taabu mwenye ugonjwa mzito. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, hutembelea wagonjwa majumbani. Mombasa kuna Coast Hospice. Walio Tanzania waulizie tiba shufaa, ndilo jina la huduma hiyo huko, mathalani katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Na si lazima mgonjwa awe hoi ndipo aanze.

Muuguzi wa hospisi alipofika kwetu hatimaye, kabla hajafungua mkoba alimuuliza Baba mwenyewe: "Mzee, ni nini kinachokusumbua zaidi?" Tulidhani atataja kifua. Akasema hajapata choo siku sita. Sisi tuliomlisha na kumwogesha hatukuwahi kumuuliza.

Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ndiyo iliyotutia hofu kuliko yote. Chupa ndogo, unavuta dozi kwa bomba lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, hata kama wakati huo haumwi. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi kubwa. Mimi niliogopa asije akawa mraibu, nikaruka dozi ya saa nane usiku. Alfajiri nilimkuta amelowa jasho, amekamata ubao wa kitanda. Muuguzi hakunigombeza. Alipanga upya dozi ya kulalia, ili Baba alale na mimi nilale. Msijipangie wenyewe, piga simu, uliza. Na dawa ya kulainisha choo iende pamoja na mofini tangu siku ya kwanza, maana mofini hufunga choo.

Jambo jingine ni chakula. Shangazi alikuwa akimsukumia uji kwa kijiko mpaka anapaliwa. Kwa mapenzi, najua. Tukaelezwa kwamba mwili unaofikia mwisho hauombi tena chakula, na kumlazimisha ni kumtesa. Tangu hapo shangazi alichovya pamba kwenye maji, akampangusa midomo polepole, huku akimwimbia tenzi. Hiyo ikawa kazi yake, na haikumpalia Baba hata mara moja.

Siku tatu kabla hajatutoka aliniita. Sauti ilikuwa ndogo, lakini uso umetulia. Akanielekeza mpaka wa shamba ulipo, akataja jirani anayemdai gunia mbili za mahindi, akataka alipwe kwanza. Kisha akaomba chai. Alilowesha midomo tu, akasema tangawizi imekolea.